Doa la Mshonaji na Maji ya Betri

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na amani. Jumapili mchana mshonaji alikuwa akikanyaga charahani dirishani, watoto wakichezea vipande vya vitambaa, na mumewe, fundi redio, amejilaza kitini akieleza mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Mtaa mzima tulimwita Najua.

Dada mkubwa wa mshonaji alikuja kuwasalimu, akaliona doa kwenye shavu la mguu wa mdogo wake.

"Mdogo wangu, hili mwaka jana lilikuwa kama punje ya dengu. Mbona limetambaa? Upande huu haufanani na ule, ukingo umekaa ovyo, rangi nazo kahawia, nyeusi, na hapa wekundu!"

"Shemeji, hilo baka la kuzaliwa," Najua akadakia.

"La kuzaliwa, na limeanza juzijuzi?"

"Wanawake kwa kukuza mambo! Haliumi, haliwashi. Ugonjwa gani usiouma?"

Mtazameni mwerevu wetu! Redio ya mama yake mzazi imemshinda, sasa anatibu watu. Dada alipoondoka, Najua akalidondoshea doa maji ya betri. Mkewe alilia mpaka sauti ikakauka. Bwana mkubwa akajipongeza.

Kidonda kilipopona, weusi ukachomoza pembeni. Safari hii dada hakuomba ruhusa ya mtu. Alimshika mdogo wake mkono mpaka hospitali. Daktari akainama na lenzi yake yenye taa.

"Nani amechoma hapa?"

Mshonaji akamtaja mumewe.

"Basi ametuharibia ushahidi."

Akalikata doa, likapelekwa maabara. Majibu yakaja: melanoma, saratani ya ngozi, ile aina inayotambaa juujuu kwanza kabla ya kuzama. Hii ilishaanza kuzama. Wakamkata tena, wakatoa na tezi za kinenani, ambako saratani ya mguuni hukimbilia kwanza. Yu hai, tunashukuru, lakini mguu huvimba na charahani haikanyagi kama zamani.

Na Najua? Alikuja naye hospitali, akakaa kwenye benchi la wagonjwa akitamba: "Mimi ndiye niliyeliona mapema."

Mkewe alimsikia. "Baba watoto," alisema taratibu, "leo nyamaza."

Akanyamaza.

FUNZO

Doa linalokua, lisilolingana pande zake, lenye ukingo ovyo na rangi mchanganyiko, lipeleke kwa daktari alitazame, alikate, alipime. Usingoje liume. Usilichome wala kulikwangua. Na kama nyumbani kwako yumo Najua, mwachie redio. Nazo mpe zile zilizokwisha kufa.