Foleni ya Robi

Kila Alhamisi vipindi vikiisha, Robi wa darasa la saba alikimbilia chumba cha kompyuta. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kugawa maswali ya majaribio: kishikwambi kinabisha hodi kwenye kompyuta ya mwalimu, kinasubiri kwenye foleni, kisha kinapewa maswali.

Alhamisi moja vishikwambi vilikuwa vya kuazima, na jioni vinarudishwa Bomani, ofisi ya wilaya. Darasa lisipofanya jaribio leo, basi tena.

"Mwalimu, tayari!" Robi alisema kwa madaha.

Wote wakabonyeza kwa pamoja. Kiduara kikazunguka kwenye vioo, kikazunguka weee! Hakuna swali lililofunguka.

"Hee, Robi!" rafiki yake Magige akamtania. "Hata ng'ombe wa babu wangeshafika mtoni!"

Uso ulimwaka kwa aibu. Ulimi ulitamani kusema vishikwambi ni vibovu, lakini ukweli aliujua.

"Mwalimu Elieth, kosa ni langu," alisema. "Uliniambia foleni iwe na nafasi kumi. Nikaweka elfu moja. Kwetu hatumrudishi mgeni mlangoni, nikaona vibaya kumkatalia mtu."

Mwalimu akatabasamu. "Na wageni wakijaa, mpishi ni mmoja, mnawakalisha tu uani mpaka wachoke waondoke?"

"Hapana. Mama huwaambia wazunguke kwanza sokoni, halafu warudi."

"Ehee! Kishikwambi kikichoka kusubiri kinaondoka na kubisha upya, lakini ombi lake la zamani linabaki kwenye foleni. Kompyuta yako inampikia aliyekwishaondoka, na aliyepo anakaa na njaa."

Robi akaketi, akaandika upya. Foleni ikawa ya kumi. Kishikwambi kinachokosa nafasi kikaelezwa papo hapo: pamejaa, jaribu tena baada ya muda mfupi.

Wakabonyeza. Magige akakataliwa. "Aa, mimi tena!" Hajamaliza kulalamika, maswali yakafunguka. Chumba kizima kikanyamaza, kalamu zikaanza kazi, na Robi akashusha pumzi kwa furaha.

Jioni, wakipanga vishikwambi kwenye boksi, mwalimu alisema, "Robi amekiri mapema, ndiyo maana tukapata muda wa kurekebisha. Nanyi wote mkumbuke: kumwambia mtu kweli kwamba huna nafasi sasa ni kumheshimu. Kumpa ahadi usiyoiweza ni kumpotezea siku yake."

"Kwa hiyo mimi nilikataliwa kwa heshima?" Magige akauliza.

"Kwa heshima zote," Robi akajibu, na darasa likaangua kicheko.