Mbio za Saa Nane Mchana

Kijana aliyempokonya Annick simu pale Kabalagala hakujua amemchokoza nani. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, jua la adhuhuri utosini, muziki wa baa ukigombana na honi za bodaboda. Annick alikuwa amesimama na furushi la vitenge kichwani, akimpigia mteja. Mkono ulipita, simu ikaenda. Akatupa furushi, akavua kandambili, akaikusanya sketi yake ya njano hadi magotini, akamfuata. Alimfukuza mteremko mzima wa kuelekea Namuwongo, mpaka kijana akaishiwa miguu mwenyewe, akaketi kando ya mtaro na kunyoosha mkono kumrudishia simu.

Kabla Annick hajaipokea, watu walishajaa. Tofali la kwanza lilimpasua mwizi juu ya jicho. Mmoja akamkanyaga mbavu, mwingine akaitisha petroli ya kumchomea. Annick akapiga kelele kwamba inatosha, hakuna aliyemsikia. Ndipo mwanamume mrefu, mweusi tii, mwenye bukta na fulana iliyolowa jasho, akapenya katikati na kumlalia mwizi kwa mwili wake. Akapigwa mateke ya mgongo na fimbo za bega, asiinuke, hadi wapigaji wakaona haya na kutawanyika. Mwizi akatoroka kwa kutambaa.

"Nyabo, dada," mwanamume alisema, akitema damu, "nimekukimbiza toka kule juu. Mimi ni mkimbiaji, mwaka wa saba huu, na sijakufikia. Nani alikufundisha?"

"Risasi," Annick akajibu. "Kwetu Fizi, ng'ambo ya mpaka, asiyekimbia anazikwa."

Aliitwa Komakech, Mwacholi wa Kitgum, na alikaa Nsambya. Alimweleza kwamba Jumapili ya kwanza ya Machi klabu moja ya riadha ingechagua wasichana watano kwa mbio za kilomita kumi. Zingeanza saa tano, jua likiwa limeshakasirika, na asiyezoeana nalo lingemwangusha. Kwa hiyo wakaanza kufanya mazoezi saa nane, wakati hata mbwa wa Namuwongo wamejificha chini ya vibanda.

Walifuata njia ya reli, kisha wakaupanda mlima wa Nsambya mara kumi, lami ikinuka, soli za viatu vya mtumba zikinata. Wiki ya kwanza Annick alitapika. Wiki ya pili mkojo wake ukawa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, naye Komakech akamfundisha kunywa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na kujimwagia mengine kisogoni. Alimtania kwamba anakimbia kama mtu aliyeiba. Annick akamwambia yeye anahema kama ng'ombe anayepandishwa lori. Jioni Komakech alimpigia kumuuliza kama amekunywa maji, na swali hilo la maji lilichukua saa nzima. Kufikia Februari alikuwa akimwita sheri, yaani mpenzi, kwa Kifaransa alichojifunza kwake, na Annick alikuwa amekwisha kupenda.

Kitu kimoja hakikuwa kweli. Siku ya pili tu, Annick alikuwa amemsimulia jinsi watu wenye sare walivyompiga baba yake risasi mlangoni mwao, na kwamba tangu siku hiyo akiona sare mikono humwingia baridi. Alipomuuliza kazi yake, Komakech alisema analinda ghala. Alikuwa askari wa kikosi cha kutuliza ghasia.

Katikati ya Februari ikatoka amri ya kuondoa vibanda vya kando ya reli. Askari walikuja asubuhi na kofia za chuma, ngao na virungu. Mabati yaliraruliwa, moshi wa machozi ukafunika njia, mama mmoja akakanyagwa juu ya nyanya zake mwenyewe. Barnabé, kaka mkubwa wa Annick, aliyemlea na kumvusha mpaka, alikuwa fundi nguo. Aliikumbatia cherehani yake akakataa kuiachia. Askari mmoja akamtandika kirungu cha mkono. Barnabé hakuachia. Askari akapiga tena, na safari hii mfupa ulilia kama muwa unaovunjwa gotini.

Moshi ulimzidi yule askari. Akavua kofia apanguse macho, na Annick, aliyekuwa akija mbio kutoka kisimani, akauona uso wake. Komakech naye akamwona.

Siku tatu simu iliita bila kupokelewa. Siku ya nne Annick akaipokea. "Usinipigie tena," alisema. "Mkono uliompiga yaya wangu, kaka aliyenilea, ndio huo ulioshika simu." Akakata. Mlimani hakurudi, alizunguka barabara za mbali, peke yake, kwa hasira, akirudi nyumbani chumvi imekauka usoni kama vumbi la chokaa.

Siku ya nane, saa saba na nusu, wifi yake Blandine alimfuata sokoni akihema. Barnabé ametoka na wanaume wawili na nondo. Wamejua kwamba yule askari hukimbia peke yake njia ya reli.

Annick akapiga simu. Ilikuwa imezimwa, Komakech akienda kukimbia huizima na kuiacha nyumbani. Akavua viatu vyake vya soko, akaanza kukimbia. Mataruma ya reli yalimchoma nyayo, kokoto zikamkata, hewa yenyewe ilikuwa kama pumzi ya tanuri. Hakuhesabu wala hakupima pumzi kama alivyofundishwa. Alikimbia jinsi alivyokimbia Fizi.

Alichelewa kwa pigo moja. Komakech alikuwa chini, uso umepasuka, amewekewa mguu juu ya reli, na nondo ya Barnabé ikashuka gotini mbele ya macho ya Annick. Ikainuka tena, sasa kwa kichwa. Annick akamrukia kaka yake kwa nyuma, akaukamata mkono wenye plasta na kuukunja kwa nguvu zake zote. Barnabé akalia kama mtoto, nondo ikaanguka. Annick akaiokota, akawageukia wale wanaume wawili. Waliuona uso wake, wakakimbia.

"Utaniua kwa ajili ya huyu?" Barnabé akauliza, amepiga magoti.

"Sitaki kuzika mtu yeyote tena," alisema. "Wala wewe, wala yeye."

Alimpakia Komakech kwenye bodaboda, yeye nyuma akimshikilia, damu ikiloanisha kitenge chake mpaka hospitali ya kilimani.

Wapelelezi walipokuja kitandani, Komakech aliwaambia hakuona mtu. Walipoondoka, akamgeukia Annick. "Kazi yangu niliificha kwa sababu niliogopa utaniacha," alisema. "Na kaka yako, sikujua ni kaka yako."

"Na kama asingekuwa kaka yangu?"

Annick akaondoka.

Jumapili ya Machi alikimbia. Kwenye kilomita ya saba jua liliwaangusha wasichana wawili mbele yake. Mmoja aliyumba kama mlevi na kugonga kidevu kwenye lami, meno yakamwagika. Annick akampita, yeye mwenyewe akilia, akamaliza wa nne. Klabu ikamchukua. Alikwenda moja kwa moja hospitalini, bado na namba kifuani.

Komakech hakumpongeza kwanza. "Uliniuliza swali," alisema. "Kama asingekuwa kaka yako, ningerudi nyumbani, nikala, nikalala. Nimelala hapa wiki nzima na hilo tu. Kirungu sitakishika tena, hata mguu ukipona."

Annick akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimwambia hajamsamehe yote, na siku Komakech atakapolisahau swali hilo, yeye ataondoka. Kisha akaushika ule mkono.

Mwezi wa Mei Komakech alikwenda Namuwongo kwa magongo, shati jeupe limepigwa pasi. Kwa desturi ya posa angetuma wazee, lakini alisema mzigo huu wazee hawawezi kumbebea. Barnabé hakuitikia salamu.

"Mkono yangu haitanyooka tena," alisema. "Na mimi ni fundi."

"Najua. Niliuvunja mimi. Nimekuja kuomba radhi, na kumwomba dada yako."

"Na mguu yako?"

"Hautakunjika. Aliyeuvunja sijamtaja, na sitamtaja."

Blandine akaacha kumenya ndizi. Annick alisimama mlangoni. Barnabé aliutazama ule mguu ukitetemeka kwa kusimama.

"Annick," alisema mwishowe, bila kuinua macho, "mupe bwana yako kiti."