Hedifoni Zilizokataa Kushika

"Sikusikii kwenye hedifoni, Gozbert! Nakusikia kwenye simu tu!"

"Umebonyeza kile kibonye cha pembeni?"

"Nimebonyeza mpaka kidole kinaniuma."

"Taa inawaka?"

"Inapepesa. Ya bluu. Inapepesa tu, kama mtu anayemngoja mwenzake njiani."

"Basi ingia kwenye bluetooth utafute."

"Nimetafuta! Inaniletea sabufa ya baba. Nikiiambia itafute tena, inaniletea sabufa ya baba."

"Zima simu uwashe."

"Nimezima na kuwasha tangu asubuhi. Mpaka simu yenyewe imenichoka."

"Sasa punguza sauti, mpenzi. Mama yako atatusikia."

Mama yake Joanitha alikuwa ameshasikia. Nyumba ya baba yake, Mzee Ndyamukama, pale Ijuganyondo haina dari. Neno likisemwa chumbani linaruka ukuta na kutua jikoni. Bi Edvina alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Joa!"

"Abee, mama."

"Huyo mwanamume ana maneno gani ambayo mimi siruhusiwi kuyasikia?"

"Hakuna, mama. Ni mambo ya wachumba tu."

"Baba yako alinichumbia mbele ya bibi yangu, naye bibi anachambua kahawa hapohapo. Hakuna alichoficha."

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Zamani waongo walikuwepo pia, mwanangu. Ila walilazimika kudanganya kwa sauti."

Joanitha akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi cherehani hodari, binti asiye na makuu, na alikuwa amempenda Gozbert kwa ule moyo usiobakiza kitu. Gozbert ni mtu wa Muleba, mnunuzi wa dagaa visiwani. Huko hukaa wiki nyingi, kisha anaibuka Bukoba mjini siku chache, ananukia vizuri, ana maneno matamu. Posa ilikuwa imepangwa Jumamosi. Ndugu wa kijijini Kaagya walishaitwa.

Alipokuja mara ya mwisho ndipo alipomletea zile hedifoni, nyekundu, kubwa, za kufunika masikio yote.

"Nimekununulia dukani Mwanza," alisema. "Ukiongea na mimi uzivae. Mapenzi yetu yawe ya masikio yako tu."

"Boksi lake liko wapi?"

"Liliingia maji kwenye mtumbwi."

Bi Edvina alizichukua siku hiyohiyo akazigeuza huku na huku.

"Na hapa kwenye sponji? Pameng'atwa."

"Gozbert anasema ni panya wa kisiwani."

Mama akapapasa zile alama kwa kidole gumba. Amelea watoto na wajukuu, alama za namna ile anazijua.

"Panya huyu anaota meno, Joa."

"Mama, jamani!"

Wiki ile Joanitha hakushona nguo ya mtu kwa utulivu. Alizichaji mpaka zikajaa. Akafuta majina yote kwenye orodha ya bluetooth ili aanze upya. Mteja mmoja akamwambia azisogeze karibu na simu, akazisogeza mpaka vikagusana kama ng'ombe na ndama. Kila alipoziwasha, mwanamke wa ndani yake alitangaza kwa Kizungu kwamba zimewaka, kisha kimya, kisha taa ile ile ikaanza kupepesa. Rafiki yake Adventina akajaribu kwa simu yake, nayo haikuona kitu.

"Labda zimeharibika," Joanitha alisema.

"Kilichoharibika hakiwaki, shoga. Hizi zinawaka. Ila sisi hazitutaki."

Alhamisi mchana hasira ikampeleka pabaya. Gozbert alipiga, naye kwenye ile orodha akaona jina limetokea. Hakulisoma hata, akaligusa haraka akidhani hatimaye zimeshika. Kumbe ni sabufa. Sebuleni baba yake alikuwa ameketi na katekista, wanatafuna akamwani, ile kahawa ya kumkaribisha mgeni, mara sabufa ikanguruma:

"JOA WANGU! NIMEOTA UNANIKUMBATIA MPAKA NIMEDONDOKA KITANDANI!"

Katekista akameza kahawa bila kuitafuna.

"Joanitha!" Mzee Ndyamukama aliita. "Mwambie huyo aliyedondoka kwamba hapa kuna wageni!"

Baadaye kidogo ujumbe ukaingia: "Umeniaibisha kwa wakwe. Nilikwambia TUMIA HEDIFONI. Kwani kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani?"

Joanitha akajibu: "Njoo uziunganishe wewe uliyezinunua."

"Mimi si fundi."

"Hata mimi si fundi wa hedifoni!"

Alikaa kwenye cherehani akalia. Bi Edvina akamkuta hapo.

"Unalia nini?"

"Nalilia kitu kidogo, mama. Kimenishinda."

"Wewe unaunganisha kola ya koti ikakaa. Kitu kidogo kikikushinda wewe, ujue kuna jambo hujaambiwa."

"Mama, wewe humpendi Gozbert. Sema tu."

"Simjui. Kila akiongea, ananifungia nje."

Jumamosi ikafika. Uani turubai limefungwa, mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, imepangwa, wageni wamejaa. Kwa desturi binti anayeposwa hukaa chumba cha ndani mpaka aitwe, na mchumba hukaa na wenzake kimya. Msemaji ni mshenga. Mshenga huyo alikuwa Mzee Kahangwa, bingwa wa mafumbo. Kihaya chake kilikuwa kinazunguka taratibu: tulipita njia tukaona kibanja kizuri, mgomba mmoja ukatupendeza, kijana wetu hapati usingizi. Gozbert na mdogo wake Philbert walikuwa wamekaa nyuma yake, wote wawili na makoti, wote wawili wameinamisha vichwa.

Adventina alikuwa anachungulia kwenye pazia.

"Joa, yule wa kitenge cha njano ni nani? Amekaa na wanawake hapa chini ya dirisha letu. Anacheka na kila mtu."

Joanitha akamwonyesha ujumbe wa Gozbert wa asubuhi: "Kuna dada yangu tumekuja naye. Amelelewa Geita, Kihaya hajui. Usimchoshe na maswali."

"Dada?" Adventina akachungulia tena. "Hawafanani hata kucha."

Nje yule mwanamke alikuwa anahangaika na kisu.

"Mimi naitwa Stellah, mama," alimwambia Bi Edvina. "Lugha yenu siielewi hata kidogo, ila kumenya ndizi nitajifunza leoleo."

"Karibu, mwanangu. Shika kisu hivi."

Ndani, moyo wa Joanitha ulikuwa unapiga kama cherehani. Alitaka wimbo wa kwaya umtulize. Akazivaa zile hedifoni, akabonyeza kibonye, akangoja dharau yake ya kila siku. Mwanamke wa ndani akasema zimewaka. Kisha akasema neno ambalo hajawahi kulisema: zimeunganishwa. Taa ikaacha kupepesa.

"Adventina! Zimeshika!"

"Asante Bikira Maria! Piga wimbo."

"Ngoja... Mbona simu yangu haijaandika kitu?"

Hapohapo ukasikika masikioni mlio wa kupigiwa. Joanitha akatazama simu yake kitandani. Kioo cheusi. Akabonyeza kibonye cha hedifoni.

"Haloo, Stellah?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake upepo na kelele za mwalo wa wavuvi.

Chini ya dirisha, wa kitenge cha njano alikuwa na simu sikioni: "Haloo? Farida? Mbona sikusikii? Haloo!"

"Stellah, mtandao mbaya? Mtoto amekula uji, usiwe na wasiwasi. Posa ya shemeji yako inaendaje?"

Joanitha akajibu kwa sauti ndogo. "Inaenda."

"Mbona sauti imekuwa nyembamba hivyo? Wamekunywesha pombe ya ndizi? Haya, mwambie baba Mayenga mashine ya boti imegoma tena, vijana wanamngoja."

"Baba Mayenga... nani?"

"Heh! Makubwa! Mumeo Gozbert! Kwani umeolewa na wangapi?"

Joanitha akasimama.

"Unakwenda wapi?" Adventina akamshika gauni. "Hujaitwa!"

"Nimeitwa sasa hivi."

Alitoka na gauni lake la posa na hedifoni nyekundu kichwani. Mzee Kahangwa alikuwa katikati ya fumbo, fumbo likamkatikia mdomoni. Gozbert aliinua kichwa. Akaiona ile rangi nyekundu, akakishusha tena.

"Karibu, dada," Joanitha alimwambia Stellah. "Simu inakusumbua?"

"Inasumbua kweli, mdogo wangu. Naona dakika zinahesabika, ila sisikii..." Stellah akainua macho. "Mayo wee! Hedifoni zangu!"

"Una hakika ni zako?"

"Za kwangu kabisa! Tazama hapa, mwanangu Mayenga aling'ata alipokuwa anaota meno. Baba yake aliniambia zimedondoka ziwani!" Alikuwa anacheka kwa furaha, maskini, bado hajajua. "Umezipata wapi?"

"Nimepewa na mchumba wangu."

"Philbert? Philbert alizitoa wapi?"

"Mchumba wangu si Philbert, dada. Ni Gozbert."

Stellah alicheka tena, cheko fupi la mtu anayetaka wenzake nao wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Hapana. Gozbert ni mume wangu. Tumekuja kumposea mdogo wake."

Bi Edvina akaweka kisu chini, akafuta mikono, akamgeukia mshenga.

"Mzee wangu, waitu, tangu asubuhi unasema 'kijana wetu, kijana wetu'. Sasa sema kwa Kiswahili, wote wasikie. Na utaje jina."

Mzee Kahangwa alivua kofia. "Mimi nilitumwa kumposea Gozbert. Huyu mama niliambiwa ni dada yake."

Wageni wote wakamgeukia Gozbert.

"Joa," Gozbert alisema, tayari ameshasimama, "njoo pembeni tuongee wawili."

"Pembeni nimekaa wiki nzima. Sema hapa."

"Unajua hii bluetooth imechanganya simu za watu..."

"Haijachanganya! Imemjua mwenye nayo. Wewe ndiye uliyechanganya watu!"

"Gozbert!" Stellah alikuwa bado ameshika ndizi iliyomenywa nusu. "Umeniacha nimenye ndizi za posa yako mwenyewe?"

"Nilikukataza usije! Ulinifuata mwenyewe mpaka stendi ya Muleba!"

"Kwa hiyo kosa ni langu? Kosa langu kufurahia posa ya shemeji yangu?"

"Punguza sauti, Stellah, watu wanasikia..."

"Na wasikie!" Joanitha na Stellah walisema kwa pamoja, wakatazamana.

Philbert alikuwa anatazama viatu vyake. "Kaka, mimi nilikwambia," alinong'ona.

Akamwani ilikuwa kwenye kisahani, bado haijazungushwa. Mzee Ndyamukama akaitazama, akamtazama mshenga.

"Kahangwa, wewe sikulaumu, umebebeshwa mzigo uliofungwa. Edvina, rudisha akamwani ndani."

Ilitosha. Kwao Wahaya mgeni aliyerudishiwa kahawa ndani haambiwi aondoke mara mbili. Wanaume wa Muleba waliinuka mmoja mmoja, na Gozbert akatoka katikati yao kana kwamba anajikinga na mvua.

Stellah hakwenda nao. Bi Edvina alimkalisha jikoni akamwekea sahani.

"Kula, mwanangu. Hukuja kwetu kwa ubaya."

"Mama, nina aibu."

"Aibu ina mwenyewe, na ameshaondoka nayo."

Joanitha akamwekea hedifoni mapajani. "Chukua, ni zako."

"Zilikusumbua?"

"Wiki nzima! Nilikuwa karibu kuzitwanga kwenye kinu."

"Ulikuwa unabonyeza kisha unaachia?"

"Ndiyo."

"Ndipo ulipokosea. Unatakiwa ukishikilie mpaka taa igeuke, nyekundu na bluu zipokezane. Hapo ndipo zinakubali simu mpya. Ukibonyeza na kuachia, zinamtafuta yule zinayemjua tu."

Joanitha alitaka kucheka, machozi yakawahi. Stellah akamvuta begani kwake, wakalia wote, wanawake wawili ambao asubuhi hawakujuana.

"Utarudi kwake?" Joanitha aliuliza.

"Narudi kwa mwanangu. Boti ile ni ya baba yangu, akatafute ya kwake."

Bi Edvina alikuwa anafunga ndizi zilizoiva kwenye jani, za Mayenga. Hakusema "nilikwambia", ingawa neno lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Simu ya Joanitha ikaita. Gozbert. Aliiacha iite kidogo, kisha akaiweka mezani kati ya sahani na maganda, akapokea, akaifungulia sauti yote.

"Joa? Mpenzi, uko peke yako?"

Joanitha aliwatazama: mama na jani lake, Adventina mlangoni, Stellah na tonge mkononi.

"Hapana," alisema. "Ongea tu. Wote tunakusikia."

Kule upande wa pili ilisikika pumzi. Kisha simu ikakatwa.

Binti unayesoma hapa, mwanamume akikuomba umsikilize kwa masikio yako peke yako, muulize sababu. Na umuulize jikoni, mama yako akiwepo.