Kitanda cha Tisa Kina Watu Wawili

Jumatatu asubuhi Chapchap, karani wa hospitali, alifungua kompyuta akakuta orodha zote za wodi tupu. Vitanda vipo, majina hakuna. Halafu ofisi inanuka udongo uliomwagiwa maji, wakati nje jua kali na mvua haijanyesha wiki nzima.

"Nani kamwaga maji humu?"

Yuko peke yake.

Kuchunguza, kumbe mtu kabadilisha jina la databesi, ile ghala ambamo orodha zinavuta majina ya wagonjwa. Ni Waya tu huyo, fundi wa kompyuta, kafanya Ijumaa kisha kaenda zake likizo bila kuaga. Faili bado zinabisha hodi kwa jina la zamani. Kazi ndogo: fungua faili, futa jina la zamani kwenye linki inayoiunganisha na ghala, andika jipya, bonyeza. Chapchap hakuitwa hivyo bure. Wodi ya kwanza, ikajaa. Ya pili, ikajaa. Ya wazazi akaibakiza mwisho aiangalie kwa raha, maana mdogo wake kalazwa huko tangu Jumamosi, mimba imefika, kitanda cha tisa.

Akabonyeza. Feni ikasimama. Majina yakashuka moja moja, na kitanda cha tisa kikaleta mistari miwili: jina la mdogo wake, na chini yake mstari usio na jina, umeandikwa tu "yupo".

"Wameshamhesabu na mtoto!" akacheka.

Kicheko kikamkauka. Nyuma yake kuna mtu alicheka pia.

Akampigia Waya.

"Dada, usiniambie umeunganisha ya wazazi," Waya akanong'ona.

"Nimeunganisha zote. Si ungeacha hata kikaratasi!"

"Ningeandika nini, nionekane chizi? Wiki iliyopita huo mstari ulikaa kitanda cha kumi na mbili, mama wa watu akafa mchana kweupe. Ukahamia kumi na moja, akafa. Kumi, akafa. Wote, manesi wanasema, waliitika kwanza mwito wa mtu asiyeonekana. Hicho kitu kinapita humo kwenye linki, dada. Nikabadilisha jina ili kikose njia, na wewe umekiandikia jipya kwa mkono wako. Kata hiyo linki! Kata sasa hivi!"

Akaikata. Majina yote yakafutika, ukabaki ule mstari mmoja, na mbele ya macho yake "yupo" ikageuka "ameshatoka", na Chapchap akatupa simu akakimbia koridoni viatu mkononi, ile harufu ya udongo mbichi ikimtangulia kila kona kana kwamba ndiyo inayomwonyesha njia, mpaka akafika kitanda cha tisa akamkuta mdogo wake amekaa anachana nywele, mzima.

"Umerudi tena?" mdogo mtu akacheka. "Si umetoka hapa sasa hivi? Eti unaniuliza jina langu kama hunijui!"

"Ukanitajia?"

"Sasa dada yangu akiniuliza nisimtajie?"

Chapchap akamshika mabega. "Nisikilize. Ukiitwa, usiitike. Hata kama ni mimi."

"Dada, unanitisha."

Hapo koridoni sauti ikaita jina la mdogo wake, polepole, kwa upendo. Sauti ya Chapchap mwenyewe.

Mdogo mtu alimtazama dada yake, mdomo kaufumba. Lakini tangu utotoni sauti hiyo ikimwita hajawahi kunyamaza. Chapchap akarusha kiganja kumziba, akachelewa.

"Abee, dada."