Aliyeitika Ziwani

Siku mbili nzima Mwalimu alipanda mlima akihema kama mvukuto, kila hatua ishirini akiomba wapumzike, na mkewe, fundi cherehani mwenye miguu iliyokomazwa na pedali, akimtania kwamba shule ilimstaafisha kwa kumwonea huruma. Kwa hiyo siku ya tatu, Mwalimu alipotoka kuchota maji ziwani na kuteremka bondeni akipiga mluzi, mkewe kwanza alifurahi.

Bonde lote lilikuwa maua, ya njano na ya zambarau, yamewafika magotini yeye na kiongozi wao, waliobaki hapo wakingoja. Ziwa lilikuwa juu kidogo, nyuma ya ukingo wa mawe. Ukungu ulikuwa umeingia ghafla, mke akapata wasiwasi, akamwita mumewe kwa jina mara tatu. Aliitika, na papo hapo akatokea.

"Twendeni," alisema. "Nyumbani ni mbali."

"Hata hujakaa? Na chupa iko wapi?"

"Chupa gani?"

Akatangulia. Mke akamfuata, na nyuma yao akaja kiongozi, mwanamke mrefu aliyepandisha watu mlima huo miaka kumi na tisa. Baridi ilikuwa kali, pumzi za wanawake hao zikitoka kama moshi. Mwalimu alikuwa akiongea mfululizo, mara wajukuu, mara bati la jikoni linalovuja, lakini mdomoni mwake hamkutoka hata mvuke kidogo. Maua aliyoyakanyaga yalisimama tena kabla hajainua mguu wa pili. Upepo ulipogeuka ulileta harufu yake, harufu ya mtungi uliosahauliwa ukiwa na maji ndani.

Mke alirudi nyuma hatua mbili, akamshika kiongozi mkono.

"Umeona?" alinong'ona.

"Nimeona, mama. Ulimwita kwa jina kule?"

"Nilimwita."

"Basi aliyeitika ndiye huyu." Kiongozi alisema bila kugeuza uso. "Rudi ziwani. Ukisikia unaitwa, nyamaza. Mumeo ukimwona, mshike kwanza, maneno baadaye. Huyu nitamshughulisha mimi."

"Na akikudhuru?"

"Nenda, mama."

Alirudi akipanda, na hakuwa amefika hata nusu ya mteremko aliposikia nyuma yake sauti ya mumewe ikimwita, mama watoto, ningoje, taratibu kama anavyomwita chumbani, kisha sauti ileile ikamwita kutoka mbele, kisha ubavuni, chini kabisa kati ya maua, kana kwamba mtu amelala humo chali, naye akauma ncha ya kitenge chake na kuendelea kupanda, machozi yakimtoka, mpaka mawe yakaisha na mguu wake ukakanyaga maji.

Mwalimu alikuwa ndani ya ziwa, maji yamemfika kiunoni, anatembea polepole kuelekea kati. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka pembeni, kama wa mtu aliyeshikwa na mwenzake.

Mke aliingia na viatu vyake, akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akavuta. Mwalimu aligeuka. Midomo ilikuwa ya bluu, na alikuwa akihema vibaya, kuhema kule kule kwa siku mbili.

"Wewe unanivuta huku," alisema, "na wewe unanivuta kule. Nikusikilize yupi?"

"Huyu mwenye viatu," mke alimjibu.

Mwalimu alitazama upande wake wa kulia. Hapakuwa na mtu, ila mkunjo wa maji ulikuwa ukijitenga nao, ukienda katikati ya ziwa bila haraka.

Walimkuta kiongozi amekaa juu ya jiwe, peke yake, mikono ameificha kwapani.

"Niliinama kufunga kamba ya kiatu," alisema. "Nilipoinua kichwa hayupo."

"Hakusema kitu?"

"Alisema msimsubiri. Anatangulia nyumbani."

Usiku huo hawakulala vizuri, wala njia nzima hawakuachana mikono. Siku ya pili mchana walifika chini langoni, simu ikapata mtandao, na kabla mke hajatafuta namba ikaanza kulia. Alikuwa binti yao wa mwisho, aliyebaki kulinda nyumba.

"Mama, uko wapi? Baba anasema ulichoka, ukabaki njiani."

Mke alimtazama Mwalimu, aliyekuwa ameketi kando yake akivua soksi zilizogandamana na tope.

"Baba amefika lini?"

"Tangu jana. Ameshatengeneza na bati. Tena amepona kile kifua, hahemi kabisa."

"Mwanangu, nisikilize. Toka humo ndani, nenda kwa jirani. Sasa hivi."

Mwalimu aliichukua simu. "Binti yangu, mimi ndiye baba yako. Niko hapa na mama. Fanya anavyokuambia."

Kisha binti aliongea, lakini si nao. Aliuweka mdomo mbali na simu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeshtuka anayekimbilia kwa mkubwa.

"Baba," alisema, "njoo usikie. Kuna mtu anaigiza sauti yako."

Walisikia kiti kikisogezwa. Walisikia hatua zikija, nyepesi, za mtu asiye na haraka. Halafu simu ikakatwa, na kila walipopiga tena haikupokelewa, na basi la kwenda kwao lilikuwa la kesho asubuhi.