Mwenzake wa Upande wa Ukuta

Ilikuwa Jumatano, mchana kweupe, fundi cherehani ana pini tatu mdomoni na sketi ya mteja mapajani, alipomsikia binti yake sebuleni akisema, "Asante."

Fidla ikaendelea kulia. Baada ya muda kidogo, tena: "Asante." Ilikuwa asante ya chinichini, ile unayomwambia mtu aliyekupisha mlangoni. Fundi akaziweka pini kwenye kisahani, akanyanyuka, akachungulia. Binti alikuwa amepanga viti viwili mbele ya stendi ya nota, bega kwa bega, naye amekaa cha kulia. Cha kushoto hakikuwa na mtu.

"Unamshukuru nani, mwanangu?"

"Mwenzangu wa stendi, mama. Ananigeuzia kurasa."

Sasa huyu binti walimpachika jina la Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Angeweza kukusimulia safari ya kwenda dukani kwa nusu saa, na duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara. Lakini tangu muhula uanze alikuwa anaongea kwa kipimo, na fundi, aliyezoea kushona huku akisikiliza porojo zake, alikuwa amejiambia ni utu uzima unamnyemelea. Miaka kumi na miwili, basi tena. Mzazi hakosi la kujiambia pale asipotaka kuangalia vizuri.

Okestra ya shule yao ya kati ilikuwa na watoto ishirini na wawili na mwalimu mmoja, ambaye watoto walimwita Kijiti kwa sababu ya kile kifimbo chake cha kuongozea. Kwake wapiga fidla walikaa wawili wawili, stendi moja, nota zilezile. Mmoja alikaa upande wa watu, yaani upande wanaokaa wasikilizaji. Mwingine alikaa upande wa ukuta, na huyo ndiye aliyeacha kupiga ili ageuze ukurasa, mwenzake aendelee. Mwenza wa Chiriku pale stendi alihama shule wiki ya pili, wazazi wake walipohamishwa kikazi, na kiti cha ukutani kikabaki kitupu.

Mwalimu mwingine angekiondoa. Kijiti hakupenda pengo kwenye safu. Alimwambia Chiriku mbele ya wenzake: "Kiti kibaki. Kaa kama vile mwenzako yupo, mwachie nusu ya stendi, na ukurasa ukigeuzwa, ushukuru." Watoto wakacheka, na yeye akacheka. Walimu wa muziki wana akili nyingi sana, ila kuna mambo hawafundishwi chuoni, na mojawapo ni kutomkaribisha mtu usiyemjua.

Fundi alirudi kwenye cherehani lakini hakushona. Aliketi mguu juu ya kanyagio, akasikiliza. Na alipotulia hivyo, mlio wa mashine umekoma, alisikia kwamba fidla zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Chiriku, yenye makosa yake anayoyajua. Ya pili ilikuwa chini yake kidogo, safi, haikosei, na pamoja nayo ilikuja harufu ya ule ulimbo wanaousugua kwenye upinde, ila huu ulinukia kama umeungua.

Alitoka mbio. Sebuleni alikuwapo Chiriku peke yake. Na pale kwenye stendi, bila upepo, dirisha limefungwa, pembe ya karatasi ilinyanyuka taratibu, ikapinda, ikalala upande wa pili.

"Asante," akasema Chiriku, wala hakuacha kupiga.

Alhamisi fundi alikwenda shuleni. Kijiti alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho huku akitikisa kichwa kwa huruma ya mtu asiyeamini hata neno moja.

"Mama Chiriku, watoto wana mawazo mengi. Na binti yako amepiga hatua kubwa muhula huu, sikufichi."

"Mwalimu, naomba jambo moja tu. Leo mkianza, wasikilize wapiga fidla peke yao. Uwahesabu."

Alikubali ili amridhishe. Wapiga fidla walikuwa tisa. Aliwaambia wapige sauti moja, kila mtu kwa zamu, kuanzia mbele, naye fundi akasimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mmoja, wawili, watatu, hadi wa nane. Wa tisa, Chiriku. Kisha, baada ya Chiriku kushusha upinde, sauti ya kumi ikapigwa kutoka kwenye kiti kitupu, ndefu, imenyooka, ikakaa hewani mpaka mtoto mmoja wa mbele akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Kijiti aliwapa watoto mapumziko. Kifimbo kilimponyoka, wala hakukiokota.

"Nitakiondoa kile kiti," alisema kwa sauti ya chini.

Alikiondoa. Siku iliyofuata kilikuwa mahali pake. Akakifungia stoo na ufunguo akaondoka nao mfukoni, na asubuhi kilikuwa mahali pake. Fundi naye akamzuia Chiriku nyumbani, akasema okestra basi, fidla akaipandisha juu ya kabati. Saa tisa, saa ya mazoezi, binti alikuwa mezani anakula, na kiti cha pembeni yake kikajivuta chenyewe, krrr, juu ya sakafu, kikasogea hadi bega kwa bega naye. Chiriku hakushtuka. Alisogeza sahani yake kidogo ili kuacha nafasi.

Fundi alikaa chini mbele ya mtoto, akamshika magoti.

"Chiriku, niambie. Anataka nini?"

"Hataki kitu, mama. Anangoja tamasha."

"Kwa nini tamasha?"

"Si katikati ya tamasha huwa tunabadilishana viti? Mwalimu ndivyo anavyofanya, ili kila mzazi amwone mtoto wake. Wa ukutani anakuja upande wa watu, wa upande wa watu anakwenda ukutani. Ni zamu yake."

"Halafu?"

Binti aliinamisha kichwa. Alikuwa anajua, maskini, na alikuwa amelibeba peke yake muda wote huo.

"Halafu mimi ndiye nitakayekuwa nageuza kurasa," alisema kwa mnong'ono. "Amesema tamasha likiisha, aliyeko upande wa watu ndiye anayekwenda nyumbani."

Fundi alimkumbatia, akamkumbatia tena. Aliogopa vibaya, na aliona aibu kwamba alikuwa ameogopa baada ya mtoto wake.

Dada yake mkubwa, ambaye Chiriku alimwita mama mkubwa, alikuwa mtu wa kuwatibu waliopandwa na majini, na kwa kazi hiyo fundi alikuwa akimtania miaka yote. Safari hii hakutania. Mama mkubwa alikuja, akazunguka sebule, akasimama mbele ya kile kiti kitupu muda mrefu, akanusa, akasoma alichosoma. Kisha akamvuta mdogo wake jikoni na kufunga mlango.

"Huyu hakuingia kwa nguvu," alisema. "Amekaribishwa, amepewa kiti, ameshukuriwa. Kumfukuza siwezi, nisikudanganye."

"Dada, usiniambie hivyo."

"Ngoja nimalize. Kinachomweka ni kile kiti kuwa kitupu. Siku hiyo ya tamasha kikikaliwa na mtu, tangu mwanzo hadi mwisho, na mtoto asihame upande wa watu hata kidogo, zamu itampita. Hatampata mtoto."

"Nitakaa mimi."

"Hujui hata nota moja."

"Nitakaa mimi, dada."

Mama mkubwa alimtazama. "Hawa hawaibi," akasema polepole. "Wanabadilishana. Shika hilo." Fundi alilisikia, lakini kichwani mwake lilikuwa jambo moja tu: kwamba mtoto asihame kiti. Alilishika hilo na lile jingine likampita. Fidla akaishusha kabatini, Chiriku akarudi okestra.

Siku ya tamasha, saa nane mchana, ukumbi wa shule ulijaa. Kijiti alikuwa na utaratibu wake: kila mzazi alikuwa na kiti chake, na kila kiti kimebandikwa karatasi. Safu ya pili, kiti cha pembeni kabisa, kiliandikwa kwa herufi kubwa MAMA CHIRIKU. Fundi alipita mbele yake bila kukitazama, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, akapanda jukwaani katikati ya watoto, akakaa upande wa ukuta. Minong'ono ikapita ukumbini. Mzazi mmoja alicheka. Kijiti alikohoa akasema, "Leo tuna mgeni wa kugeuza kurasa," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Kiti kilikuwa cha baridi. Baridi ilimpanda kutoka kiunoni hadi shingoni, lakini alijikaza.

"Mama, nikitikisa kichwa, unageuza," Chiriku alimnong'oneza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliongeza maneno yasiyo na lazima: "Usigeuze mbili kwa pamoja, zinashikana zile, mimi huwa nalamba kidole kwanza ila mwalimu hapendi, na usiogope, hakuna anayekuangalia."

Fundi alitaka kulia kwa furaha. Alikuwa amerudi, Chiriku wake.

Nusu ya kwanza ilikwenda salama. Kichwa kilitikiswa, ukurasa ukageuzwa. Hapakuwa na fidla ya pili. Harufu ya kuungua ilikuwapo mwanzoni, ikapungua, ikaisha. Kijiti akainua mkono, na kwenye stendi zote watoto wakasimama wakabadilishana viti, wakisukumana na kucheka, wazazi wakinyoosha simu kupiga picha. Chiriku naye akainuka nusu, kwa mazoea, na fundi akamshika mkono wa gauni akamrudisha chini. Hawakuhama. Alihesabu pumzi zake kumi. Hakuna kilichotokea, na moyo wake ukaanza kurudi mahali pake.

Kisha muziki ukaanza tena, na ulipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza mkono wake ulinyanyuka wenyewe, kabla Chiriku hajatikisa kichwa, ukashika pembe ya karatasi na kuigeuza sawasawa pale inapotakiwa, na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, na fundi, ambaye alama zile zilikuwa kwake kama mbegu zilizomwagika mezani, akagundua kwamba anazisoma, kila moja, anajua inavyolia kabla haijalia, na akataka kumwambia Chiriku jambo hilo na mdomo ukafunguka na hakikutoka kitu, hata pumzi, na alipoinamisha macho kutazama mapaja yake aliona mbao za kiti, mistari ya mbao na msumari mmoja uliochomoza, mahali ambapo lingekuwa gauni la kijani.

Akainua macho akatazama ukumbini. Safu ya pili, kiti cha pembeni kabisa, alikuwa amekaa yeye. Gauni la kijani, mkoba kwa mikono miwili, kichwa kimeinamishwa kidogo upande kama anavyoinamisha anapomsikiliza binti yake. Alikuwa anatabasamu. Karatasi yenye jina lake ilikuwa imebanduliwa na kukunjwa vizuri mkononi mwake.

Makofi yakapigwa. Chiriku akasimama, akainama pamoja na wenzake, akageuka kulia na kushoto akimtafuta mama yake, na macho yake yakapita juu ya kiti cha ukutani yasisimame. Kisha akamwona kule chini, akashuka ngazi mbili mbili.

"Mama, kumbe ulishuka saa ngapi? Uliona mwisho? Ulisikia pale pagumu nilivyopapita?"

"Nilisikia kila kitu," ikajibu sauti ya fundi mwenyewe.

Fundi alipiga kelele. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na watoto wakaendelea kufungasha fidla zao, na Kijiti akapita karibu naye akipangusa jasho, amefurahi, anamshukuru kila mtu. Ukumbi ukapungua watu. Walikuwa wanakwenda. Yule mwenye gauni la kijani alikuwa tayari mlangoni, mkono ameutanguliza, anangoja.

Ndipo Chiriku akakumbuka nota zake. Akarudi peke yake, akapanda jukwaani, akaja hadi kwenye stendi, karibu kiasi kwamba fundi aliona jasho juu ya mdomo wake wa juu. Alikuwa na nafasi hiyo moja. Hakuwa na sauti wala uso. Alikuwa na kitu kimoja tu anachoweza kufanya duniani, akakifanya, polepole, kwa upole wote aliokuwa nao, asije akamtisha mtoto. Akageuza ukurasa.

Chiriku aliganda. Aliutazama ukurasa, akakitazama kiti, na rangi ikamtoka usoni. Akaziacha nota palepale, akarudi kinyumenyume hadi ukingo wa jukwaa, akageuka na kukimbia ukumbi mzima hadi mlangoni, akajitupa kwenye gauni la kijani na kulikumbatia kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "bado yupo."

"Usimtazame," ile sauti ikamwambia, na mkono ukamfunika macho. "Twende nyumbani."