Picha ya Pili ya Mama

Walikutana kwenye mapokezi ya chumba cha picha hospitalini, asubuhi, watu wamebanana hata pa kuweka mguu hakuna. Binti mshonaji alikuwa amemshika mama yake kiwiko, gauni lake la kijani limejaa vipande vya uzi. Mpiga picha wa mashine ya CT akatoka na faili, akamtazama binti kifuani.

"Una pini nne hapo, dada. Mtu akikukumbatia ataumia."

"Nani kakwambia nakumbatiwa ovyo?"

Mama akacheka, ingawa tumbo lilikuwa limemvimba hadi anakosa pumzi.

Picha ya siku ile ilionyesha saratani kwenye ovari moja. Mama akafanyiwa upasuaji, huku binti na mpiga picha wakianza kupigiana simu.

"Umekula, Bwana Picha?"

"Nakusubiri wewe, mpenzi."

"Basi utakufa njaa."

Miezi minne baadaye mama alirudishwa kuangaliwa kama ugonjwa umeenea. Mpiga picha alimlaza mwenyewe, akamwambia avute pumzi na aizuie. Kwenye kioo cha kompyuta akaliona ini. Madoa saba meusi. Akayahesabu tena. Kutoa majibu haikuwa kazi yake. Daktari angesema baada ya wiki. Akaenda kumshusha mama kitandani, akatabasamu.

Tangu hapo madoa yakamwandama. Aliyaona kwenye unyevu wa ukuta, kwenye povu la sabuni, hata mgongoni mwa watu njiani. Simu ya mpenzi wake ikilia, aliiacha ilie.

Siku ya saba mshonaji alimfuata kazini, katoka kwa daktari, macho mekundu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nami nikadhani umenichoka!"

"Sikuruhusiwa kusema. Na ningeisikia sauti yako, ningesema."

"Ungekuja tukanyamaza wote wawili. Hilo nalo lilikatazwa?"



Jioni mpiga picha alikwenda nyumbani kwa akina mshonaji, akapiga magoti mbele ya mama aliyeegemea mito.

"Nisamehe, mama."

"Inuka, mwanangu. Nilijua siku ile ile. Ulitabasamu, lakini mikono yako ilikuwa ya baridi kama ya maiti. Nikarudi hapa nikamwambia huyu kwamba umesema picha ni safi."

Binti akaweka mkasi chini. "Hata wewe, mama?"

"Sote wawili tuliogopa kukuumiza wewe."

Binti alilia mpaka kwikwi zikamwisha, kisha akajifuta uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona.

"Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akijua jambo, nami nijue."

"Basi nikubali niwe mtu wa nyumba hii," mpiga picha akasema. "Nikuoe."



"Iwe upesi," binti akajibu. "Mama akiwa bado anaweza kusimama."

Walioana Ijumaa iliyofuata, pale pale sebuleni. Mama alisimama mpaka viapo vikaisha, kisha akaomba kiti.